Kumiliki Shamba na Kuwaachia Wanyama Nafasi: Mwongozo kwa Mwenye Ardhi Mkoani Tanga

Ukilima mahindi, kila apitaye njia anajua shamba lina mwenyewe. Ukiacha ekari thelathini za msitu na vichaka zisimame ili kuro, funo na hondohondo wapate pa kukaa, apitaye anaona pori. Mchoma mkaa anaona kuni. Mfugaji anaona malisho ya kiangazi. Kijana wa kijiji asiye na shamba anaona ardhi ambayo mtu wa mjini ameikalia bure, na ofisa ardhi akija kukagua anaweza kuandika kwamba eneo limetelekezwa. Hapo ndipo penye shida ya mtu anayetaka kumiliki ardhi kijijini na papo hapo kuhifadhi wanyama: kazi yake haionekani. Karibu kila hatua iliyomo humu, tangu muhtasari wa kijiji hadi safu ya mkonge mpakani, ni ya kuifanya kazi hiyo ionekane.

Nazungumzia Tanga, hasa Muheza kwenye misitu ya Usambara Mashariki, na Pangani na Handeni kwenye nyika za pwani zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mwenye shamba upande wa Bagamoyo na Chalinze, mkoani Pwani, atakuta mengi yanamhusu pia, maana Saadani imekaa katika mikoa yote miwili.

Hatua ya 1: Jua kilicho chako na kisicho chako

Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Unachomiliki wewe ni haki ya kuikalia na kuitumia. Sheria zinazoongoza ni mbili, zote za 1999: Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Shamba la kijijini kwa kawaida liko chini ya hiyo ya pili, kwa hiyo mlango wake ni kijiji, wala si ofisi ya mkoani. Asiye raia hapati ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kupitia mamlaka ya serikali inayosimamia uwekezaji, na ardhi ya kijiji ni lazima kwanza ihaulishwe, yaani ihamishwe rasmi, kuwa ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi.

Wanyama si wako. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, funo aliyelala kichakani kwako ni mali ya umma kama alivyo yule wa ndani ya Saadani. Kumwinda, kumtega au kumfuga kunahitaji kibali, hata kama hati ya shamba ina jina lako. Kumwacha apite na azaliane kwa hiari yake ni jambo jingine, na ndilo tunalolizungumza hapa. Ukiokota jino la tembo, pembe, au ngozi ya chatu ndani ya shamba lako, usiipeleke nyumbani hata kwa nia ya kuitunza. Hiyo ni nyara ya serikali, na kukutwa nayo ni kosa zito. Iache ilipo, piga picha, mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya au nenda polisi siku hiyo hiyo.

Miti ina sheria yake, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Sheria hii inatambua misitu ya binafsi, ukiwemo msitu ulio kwenye ardhi anayoishikilia mtu kwa haki ya kimila. Kwa mwenye nia ya kuhifadhi, hiki ni kifungu cha thamani sana kwa sababu kinakupa jina la kisheria la kile unachokifanya: wewe una msitu, huna pori. Hata hivyo kuvuna na kusafirisha mbao au mkaa bado kunataka kibali kupitia ofisa misitu wa wilaya au Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kama shamba linagusa bahari au mdomo wa Mto Pangani, mikoko iliyopo ni hifadhi ya serikali. Usiihesabu kwenye ekari zako. Na kandokando ya mto, ziwa au bwawa la asili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60. Mkulima mwenzako huiona mita hiyo 60 kuwa hasara. Kwako wewe ndiyo sehemu bora ya shamba.

Hatua ya 2: Chagua eneo kwa kufuata wanyama

Muheza juu, kuzunguka Amani, viwanja ni vidogo na vimebanana na mashamba ya chai na viungo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Huku hutarajii tembo. Utapata mbega, kima, komba, hondohondo, vinyonga na vyura wasiopatikana kwingine duniani. Kwenye milima hii hukua pia ua la Saintpaulia, linalopandwa kwenye vyungu Ulaya nzima. Limepewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga aliyelipeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19. Kwa mazingira kama haya hata ekari mbili zina kazi, mradi ziunganishe vipande viwili vya msitu au zishuke na kijito. Ekari kumi zilizozungukwa na migomba pande zote zinaweza kuwasaidia mbega kidogo kuliko ekari mbili za bondeni.

Huku chini, Pangani na Handeni, mambo ni makubwa zaidi. Kuna kuro, tohe, ngiri, palahala, nyani, nungunungu, fisi, na tembo wanaotoka Saadani. Historia ya Mkwaja inafaa kukumbukwa hapa. Ilikuwa ranchi kubwa ya ng'ombe, ikapambana kwa miongo kadhaa na mbung'o na vichaka vilivyomeza malisho, ikafungwa 2000. Saadani ilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa 2005, ardhi hiyo ilikuwa sehemu yake, pamoja na msitu wa Zaraninge. Funzo la mnunuzi ni hili: eneo ambalo mfugaji analikimbia kwa sababu ya mbung'o mara nyingi ndilo lenye wanyama wengi na bei nafuu. Lakini historia hiyo ina upande wa pili, na nitaurudia tukifika mkutano wa kijiji.

Uliza pia habari za shoroba, yaani njia za wanyama kati ya hifadhi moja na nyingine. Tangu 2018 kuna kanuni za serikali kuhusu shoroba, maeneo ya mtawanyiko na mapitio ya wanyamapori, na njia kati ya eneo la wanyamapori la Wami Mbiki na Saadani ni mojawapo ya zinazotajwa sana, ikikatwa katikati na barabara kuu ya Chalinze–Segera. Kuwa ndani ya ushoroba ni heri kwa wanyama, ila matumizi yako yanaweza kuwekewa masharti. Ofisi ya wanyamapori ya wilaya na TAWA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa wanyamapori, wanazo ramani. Usinunue kabla hujaziona, wala kabla hujajua vigingi vya mpaka wa hifadhi viko umbali gani.

Tembelea shamba kiangazi na ulitembelee masika. Kiangazi kitakuonyesha maji yanayobaki wapi na nani anakuja kuyanywa; masika itakuonyesha barabara inakatika wapi. Angalia kinyesi, nyayo, magome yaliyochunwa, njia nyembamba zinazopita chini ya vichaka. Halafu mtafute mzee aliyekuwa mtegaji. Kila kijiji kinaye. Mwamkie shikamoo, kaa naye, usimhoji kama polisi, na atakuambia ndani ya saa moja mambo ambayo mtaalamu angeyapata kwa mwaka: ngiri wanalala wapi, chui alionekana lini mara ya mwisho, tembo hupita mwezi gani.

Hatua ya 3: Nunua bila kujinunulia kesi

Anza na muuzaji. Shamba ni lake au la ukoo? Kama mwenyewe alifariki, ni nani aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, na barua ya uteuzi iko wapi? Kama ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iandikwe na isainiwe. Ndugu aliyeko Dar es Salaam asiyejulishwa leo ndiye atakayekuja na wakili miaka minne baadaye.

Kisha uliza miti. Pwani yetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na minazi ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu anakuuzia shamba kwa moyo mweupe kabisa, halafu msimu wa kuangua unaona watu wanaingia na ngazi wakiwa na haki yao. Minazi, miembe, michungwa, na makaburi: taja kimoja kimoja kwenye mkataba, sema kipi kinauzwa na kipi kinabaki kwa nani.

Omba kuona Cheti cha Ardhi ya Kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, kama kijiji kinao. Tazama eneo lako limepangiwa nini. Likiwa limepangwa malisho, usidanganyike na bei. Utakuwa umenunua ugomvi na wafugaji, na haki itakuwa upande wao. Likiwa linapakana na msitu wa hifadhi wa kijiji, hapo umepata jirani bora kuliko wote.

Pita mpaka kwa miguu, na majirani wote, na mwenyekiti wa kitongoji. Chukua alama za GPS kwenye kila kona, piga picha ya kila jirani akiwa amesimama kwenye kona yake, na wote wasaini karatasi moja. Asiyekuwepo siku hiyo mfuate kwake. Usikubali kauli ya “huyo hana neno”.

Sasa kijiji chenyewe. Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia, na kanuni za 2001 zinaipa uwezo wa hadi hekta 20 tu, yaani karibu ekari 50. Zaidi ya hapo hadi hekta 50 wilaya lazima ihusike, na kupita hapo ni Kamishna wa Ardhi. Kuna wenyeviti ambao kwa ukarimu au kwa tamaa hukata vipande vitatu vya ekari hamsini kwa majina matatu ya familia moja. Kaa mbali na mpango huo, kwa sababu ndio wa kwanza kufutwa uongozi ukibadilika. Hata kwa shamba ambalo tayari lina mwenyewe, uhamisho upite kwenye kikao cha halmashauri, nawe ubaki na nakala ya muhtasari yenye mahudhurio, saini na muhuri. Baadhi ya vijiji hudai asilimia 10 ya bei. Kabla hujalipa uliza inatokana na sheria ndogo ipi, na upewe stakabadhi ya serikali. Fedha za muuzaji zipitie benki.

Mkutanoni utaulizwa unataka kufanya nini. Sema ukweli wote, ila ujue unazungumza na nani. Vijiji vilivyo jirani na Saadani vimeona hifadhi ikipanuka, na mtu akisikia mgeni anataka “kuhifadhi wanyama” anachosikia ni kwamba kesho ataitwa mvamizi kwenye ardhi ya babu yake. Usijibu hofu hiyo kwa hotuba ya mazingira. Jibu kwa mambo ya kuandikwa: njia ya kwenda kisimani itabaki wazi, kuni kavu na dawa za mitishamba zitachukuliwa kwa utaratibu huu, makaburi na kichaka cha mizimu hakitaguswa na wenyewe wataingia wapendapo. Wazigua walikuwa na misitu ya mizimu isiyokatwa tangu zamani, na mingine imesimama hadi leo huku ya serikali jirani ikiwa imekwisha. Mwenye shamba anayeheshimu kichaka cha mizimu ana walinzi asiowalipa.

Hatua ya 4: Andika kwamba pori ni kazi

Ukishanunua, omba hatimiliki ya kimila kupitia masjala ya ardhi ya kijiji na wilaya. Kwenye fomu kuna sehemu ya matumizi. Watu wengi huandika “kilimo” kwa mazoea. Wewe andika unachofanya: uhifadhi wa msitu wa asili, ufugaji nyuki, na kilimo kwa eneo dogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ardhi ya kimila inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa ikiwa haikukaliwa wala kutumika kwa matumizi halali kwa muda usiopungua miaka mitano. Msitu unaotunzwa ni matumizi, lakini ni wewe utakayetakiwa kuyaonyesha. Mkoa huu umeona mashamba ya mkonge yakifutiwa hati kwa kuachwa bila kuendelezwa na kugawiwa wananchi, na mara nyingi wananchi walikuwa na hoja nzito. Kuna pia ukomo wa miaka 12: mtu akiingia shambani kwako akakaa muda huo bila wewe kuchukua hatua, madai yako ya kurudishiwa ardhi yanaweza kukataliwa mahakamani.

Tengeneza mpango wa usimamizi wa kurasa tatu au nne. Uwe na ramani, orodha ya miti na wanyama walioonekana, eneo la kuachwa kabisa, eneo la nyuki, eneo la nyumba na bustani, kalenda ya moto, na doria. Usiwape washauri fedha nyingi kwa hilo. Ofisa misitu wa wilaya anaweza kuupitia. Anzisha daftari la doria: tarehe, nani alipita, aliona nini, mitego mingapi aling'oa. Picha za wanyama zipakie kwenye iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe, zinabaki na tarehe na mahali. Kila mwaka andika taarifa ya ukurasa mmoja, peleka nakala kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa misitu, na nakala yako igongwe muhuri wa “imepokelewa”. Mihuri hiyo ya miaka mfululizo ina nguvu barazani kuliko kibao chochote cha “mali binafsi”.

Mgogoro ukitokea, anza na Baraza la Ardhi la Kijiji. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu. Anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu.

Hatua ya 5: Mipaka, moto, mitego

Usizungushe waya shamba zima. Unawazuia wanyama wale wale uliowanunulia nafasi, na waya ukiibwa hurudi shambani ukiwa mitego. Weka uzio kwenye nyumba na bustani pekee. Mpakani panda safu ya mkonge, mche mmoja kila hatua mbili au tatu. Huo mmea ulifika Tanga 1893 kwa mikono ya Richard Hindorf, na kila mtu mkoani anajua maana yake: panapoanza mkonge pana mwenyewe. Swala na nguruwe wanapita katikati yake bila taabu. Kitu kimoja tu: mlingoti ukitoka ukate kabla haujaangusha vichipukizi, la sivyo mkonge utatembea kuingia msituni.

Moto ndio utakaokuumiza kuliko majangili. Mara nyingi unatoka kwa mtu mwenye kazi halali: mkulima anayeandaa shamba, mlina asali mwenye mwenge, mpasua mbao aliyepika chai. Lima barabara ya kuzuia moto ya mita 6 hadi 10 kuzunguka eneo, masika ikiisha tu, kabla nyasi hazijakauka, na uisafishe tena kabla ya jua kali la Januari. Kwenye nyika za Handeni na Pangani, kuchoma mapema mwezi Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, kunapunguza moto mkubwa wa Septemba. Ila kuchoma kunataka ruhusa, na majirani wajulishwe kwa siku na saa. Ndani ya msitu mnene usichome kabisa. Walina asali wa kijiji wanunulie bomba la moshi, itakugharimu kidogo kuliko hekta moja iliyoungua.

Mitego mingi ni ya nyaya zilizotolewa kwenye matairi yaliyochomwa au breki za pikipiki. Hutegwa kwenye njia nyembamba, kwenye upenyo wa kichaka, na karibu na maji. Doria ifanywe na watu wawili, wakitembea polepole na fimbo wakipapasa mbele kwenye njia za wanyama, siku zisizotabirika. Kila waya ung'olewe na ubebwe. Usimfukuze mtegaji, na mlinzi wako asimpige mtu. Taarifa iende kwa mwenyekiti na kwa askari wanyamapori wa kijiji, wale wanaoitwa VGS.

Mlinzi mwenyewe awe wa kijiji hicho hicho, awe na mkataba ulioandikwa, na alipwe kila mwezi bila kuchelewa. Mlinzi aliyekaa miezi miwili bila mshahara atakula ngiri, na mimi simlaumu.

Hatua ya 6: Miti na maji

Kabla ya kununua mche hata mmoja, subiri. Visiki vingi vya miti ya asili viko hai. Ukizuia moto na mifugo kwa misimu miwili vitachipua vyenyewe, kwa mizizi iliyokwishafika chini. Panda pale tu ambapo hapatoki kitu. Mkuyu ni wa kuanza nao, kwa kuwa matunda yake yanalisha hondohondo, komba na popo, nao wanakuletea mbegu za miti mingine. Mvule uupande ukiwa umechanganywa na miti mingine, chini ya kivuli chepesi. Ukipandwa peke yake juani hushambuliwa na mdudu anayevimbisha majani na kuua kilele. Mpingo na mkongo ni wa wajukuu. Mbegu za asili zinapatikana kwa TFS.

Kuhusu mwarobaini najua nitapingwa. Nyumbani ni dawa na kivuli; ndani ya misitu ya pwani ni mvamizi, ndege na popo husambaza mbegu zake, na hata Saadani unasumbua. Uache uani, uung'oe msituni. Kule Amani mvamizi ni Maesopsis eminii, mti uliopandwa kwa nia njema enzi za wakoloni ukaenea kila penye mwanga.

Ukitaka kuchimba bwawa au kisima, omba kibali Bodi ya Maji Bonde la Pangani, au Wami/Ruvu kama uko upande wa Bagamoyo. Bwawa liwe mbali na mashamba ya watu. Maji ya kiangazi huita tembo, na tembo hachagui njia ya kurudi.

Hatua ya 7: Mahindi ya jirani

Siku moja jirani atakuja na kusema, “Wanyama wako wamenimalizia mahindi.” Kisheria wanyama si wako, kama tulivyoona. Usimwambie hivyo mtu anayekabiliwa na njaa ya mwaka mzima. Nenda naye shambani, angalia, hesabu, mpigie ofisa wanyamapori ukiwa hapo hapo.

Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa. Jina lenyewe linakuambia si fidia kamili. Tathmini inachukua muda, kwa hiyo mazao yanayoliwa leo hayalipwi kesho. Msaidie jirani kujaza fomu na kupiga picha, kisha shughulikieni kinga.

Tembo ndiye anayeogopwa, ila anayemaliza chakula mwaka mzima ni nguruwe pori, nyani na ngedere. Hao hawapendi kuvuka uwazi. Acha ukanda wa mita 20 hadi 30 uliofyekwa kati ya kichaka chako na shamba la jirani, upande wako wa mpaka. Ukanda huo unaweza kulimwa pilipili. Msimu wa mahindi kubeba, changia mlinzi wa kufukuza nyani. Vijana wawili kwa wiki sita ni gharama ndogo kuliko uadui wa kitongoji.

Kwa tembo, mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kila mita 10 kuzunguka shamba, ikaunganishwa kwa waya, inafanya kazi: tembo akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Inahitaji mizinga yenye nyuki kweli, na nyuki wanahitaji maji ya kiangazi. Njia ya haraka zaidi ni kamba yenye matambara yaliyochovywa pilipili kali iliyosagwa na oili chafu, inayopakwa upya baada ya kila mvua. Tembo huzoea kitu kimoja kikikaa muda mrefu; badilisheni.

Wafugaji wa kuhamahama wanaopita kiangazi kaa nao kabla ya kiangazi. Njia moja ya kwenda majini, iliyokubaliwa na wazee wao na mwenyekiti, ni bora kuliko makundi yanayoingia usiku kila upande.

Hatua ya 8: Fedha

Kwa miaka ya mwanzo shamba litakula, halitalisha. Gharama kubwa ni mshahara wa mlinzi. Nyuki ndio kipato kinacholingana na msitu moja kwa moja, na mizinga iliyopakwa rangi na kupewa namba ni ushahidi mwingine kwamba eneo linatumika. Muheza, pilipili manga na vanila vinapanda juu ya miti iliyopo bila kuikata. Iliki ni nzuri mfukoni lakini hulimwa kwa kufyeka miche yote chini ya miti mikubwa. Ikifa miti hiyo, msitu hauna mrithi. Ilime ukingoni tu.

Usiweke matumaini yote kwenye biashara ya kiumbe hai. Wakulima wa Usambara Mashariki waliokuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa nje walisimama ghafla 2016, serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Utalii unawezekana, ila kambi ya wageni inataka tathmini ya mazingira kupitia NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, pamoja na leseni ya biashara ya utalii, na mgeni anataka barabara inayopitika Aprili. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti, ina kanuni zake za 2022 na inaratibiwa na kituo cha taifa kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa ekari thelathini peke yako haikulipi, pengine mkiungana na msitu wa kijiji.

Hatua ya 9: Baada yako

Mashamba ya namna hii mara nyingi hufa na mwenyewe, wala si kwa jangili. Watoto wanagawana, mmoja anauza kipande cha mtoni, mchoma mkaa anaingia. Kama nia yako ni shamba libaki zima, una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni wosia unaosema shamba lisigawanywe, nani atalisimamia, na mshahara wa mlinzi utatoka wapi; RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea wosia kwa kuutunza. Ya pili ni kusajili wadhamini RITA, shamba likawa chini ya bodi hiyo, na angalau mdhamini mmoja awe mkazi wa kijiji.

Njia yoyote utakayochagua, mpeleke mrithi kijijini ukiwa hai. Atambulishwe kwenye kikao, jina lake liingie kwenye muhtasari, apite mpaka wote kwa miguu na majirani, kona kwa kona, na doria chache za kila mwaka azifanye yeye akiandika daftari kwa mkono wake.